Alpaka wa Puno, Ndama wa Kigongo

Puno, Peru
11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Na mama naye mpelekee shikamoo yangu, mwambie nimeitoa nikiwa nimepiga goti, ingawa huku ukipiga goti asubuhi unagusa barafu. Mimi mzima. Kifua kilichonisumbua nilipofika kimetulia, ila hewa ya huku juu ni chache na nikipanda kilima kidogo tu nahema mpaka wenzangu wananicheka.

Kaka Josephat aliniambia kwenye simu kwamba masikio yako sasa hayashiki kabisa, na kwamba umesema nikitaka kuzungumza na wewe niandike barua kama watu. Haya, naandika kama watu. Naituma kwenye sanduku lake la posta, ataileta akipata nafasi ya kufunga duka lake la Mabatini. Ikichelewa usininunie. Kwenye kituo chetu cha utafiti hakuna mtandao, na mjini tunashuka mara moja kwa mwezi.

Pamba imekuwaje mwaka huu? Mguu wa mama je? Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akiruka uzio bado yupo, au mlimuuza kwa hasira?

Sasa nikupe jibu ulilonidai. Siku ya kuniaga uliniuliza mbele ya watu kama wazungu wameishiwa ng'ombe, mpaka wanisomeshe kutazama mbuzi wenye shingo ndefu. Watu walicheka. Baba, alpaka si mbuzi. Ni wa ukoo wa ngamia. Mababu wa ukoo huo walianzia Amerika ya Kaskazini, mamilioni ya miaka iliyopita. Wengine wakavuka kwenda Asia, ndio hawa ngamia unaowajua kwenye picha. Wengine wakateremka kusini hadi kwenye milima hii. Kule walikoanzia wakaisha wote. Kwa hiyo ni ukoo wa wahamiaji watupu, na kwao hakubaki hata mmoja wa kuwatunzia mahame.

Huku kusini wapo wanne. Wawili ni wa porini: guanako, na vikunya ambaye ni mdogo, mwoga, mwenye sufu laini kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Wawili ni wa kufugwa: lama anayebeba mizigo, na alpaka anayefugwa kwa sufu. Watu wa milima hii walianza kuwafuga yapata miaka elfu sita au saba iliyopita. Imechimbwa mifupa kwenye mapango, na ukiipanga kwa umri wake unaona wawindaji wakigeuka taratibu kuwa wachungaji. Kazi yangu ni kutoa damu ya wanyama wa kituo na kuisoma, ili tujue yupi ni mtoto wa nani, tuandike ukoo wao bila kubahatisha.

Wenzangu wananiuliza sana habari za nyumbani. Niliwaambia baba yangu ni kaka wa mama yangu, alinichukua baada ya mama Paskazia kufariki nikiwa darasa la kwanza, na kwamba kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Mmoja akauliza, na baba mwenyewe yuko wapi? Nikasema ni huyo huyo. Tukaendelea kula viazi. Huku viazi haviishi.

Mwanao,
Winnie Machibya


Kigongo, Misungwi
27 Julai 2025

Mwanangu Winnie,

Marahaba. Barua yako Josephat ameileta juzi, imekunjwa kama sambusa. Aliikalia siku ngapi anajua mwenyewe na dhambi zake. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu na ya pili kwa sauti, mama yako Selina akiwa anachambua choroko na kuniambia nisome polepole. Amesema ule viazi lakini usizoee, kwamba mtu akizoea viazi ugali unamshinda.

Sisi wazima. Mguu wa mama yako unauma asubuhi, jioni unasahau. Pamba ilikuwa nzuri, bei ndiyo haikuwa nzuri. Ng'ombe mwekundu yupo, amezeeka, sasa uzio anautazama tu kama mimi ninavyotazama miti ya kupanda.

Daraja limefunguliwa mwezi uliopita. Zamani ukitaka kwenda Busisi ulijipanga na kivuko, ukanunua karanga, ukasubiri, na kama ulikuwa na hasira ziliishia majini. Siku hizi mtu wa Busisi akiamka na wazo, halijapoa yuko mlangoni kwako. Tumepata wageni wa namna hiyo. Walikuja wazee watatu na mgonjwa mmoja. Mgonjwa alikaa akitazama picha za ukutani. Chai alikunywa nusu.

Habari za ngamia wako nimezielewa. Wanyama wakipata shida hata binadamu wao wanapata shida, hilo tunalijua. Babu yangu aliniambia sotoka ilipopita huku, boma lililolala na ng'ombe liliamka na ngozi. Waliobakiwa na mtamba mmoja walimweka kwa mwenzao amtunze, ndama wakagawana, na hivyo ndivyo watu wakawa wafugaji tena. Ng'ombe wetu wote hawa ni wajukuu wa ng'ombe wa kuwekeana.

Sasa lipo jambo. Unajua watu wananiletea kesi za mifugo, wanadhani mvi ni akili. Kuna ndama alizaliwa katika boma la mtu. Dume lilikuwa la boma jingine, na mwenye dume hakuleta hata jembe la shukrani, akapotea. Ndama akalelewa. Aliugua akauguzwa, akakua, akawa ng'ombe wa kujivunia. Leo mwenye dume amerudi. Ni mgonjwa, na hana kingine duniani. Amekuja kwa heshima, siwezi kusema amekuja vibaya. Atatoa kila kinachotakiwa na mila, anachotaka ni ndama aitwe wa kwake. Mwenye boma hajamjibu.

Wewe ndiye unayesoma damu. Hao wenye alpaka jambo la namna hii wanalikataje? Na wewe mwenyewe unaona ndama ni wa nani? Usinijibu haraka, fikiri kwanza. Utakalosema ndilo nitakalolifuata.

Baba yako,
Machibya


Puno
14 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo sana. Nimecheka habari za uzio mpaka machozi. Mwambie mama ugali hautanishinda, nauota. Mimi mzima, baridi kali imepita, mwezi ujao tunaanza kukata sufu na kituo kizima kitakuwa kelele na vumbi. Alpaka akishikwa hulia kwa sauti nyembamba inayotoka puani, na mwenzake akimsikia naye anaanza.

Umenifurahisha kunipa kesi! Nimewasimulia wenzangu, tumebishana chakula kizima. Na ajabu ni kwamba kesi yako ndiyo kesi ya alpaka hasa. Kwa muda mrefu sana wataalamu waligombana juu ya baba wa alpaka. Wengi walisema ni guanako, kwamba huyo ndiye aliyezaa lama na alpaka wote wawili. Wengine wakasema alpaka ni chotara wa lama na vikunya. Walipima meno, wakapima mifupa, kila mmoja akaandika kitabu chake. Miaka ishirini na kitu iliyopita ndipo damu ikasomwa, na damu ikasema baba wa alpaka ni vikunya, yule mdogo mwoga wa porini. Ugomvi wote ukaishia hapo.

Nikuambie na sababu ya watu kuchanganyikiwa. Zamani za wafalme wa hapa, Wainka, alpaka walikuwa mali ya heshima. Kitambaa cha sufu yao kilithaminiwa kuliko dhahabu. Mifugo ilitengwa kwa rangi, kulikuwa na wachungaji wa mfalme na wachungaji wa mahekalu. Kuna alpaka waliochimbwa kwenye mchanga mkavu huko kusini, wamekauka na ngozi zao, wana miaka kama elfu moja, na sufu yao ni laini kuliko ya hawa tulionao leo. Kisha wakaja Wahispania na kondoo wao. Malisho mazuri ya bondeni wakayachukua, mifugo ikachinjwa hovyo, magonjwa yakaingia kwa watu na kwa wanyama. Hata miaka mia haikupita, katika kila alpaka kumi walikuwa wamekufa kama tisa. Waliobaki walikimbiziwa huku juu kwenye baridi, ambako kondoo wa wageni walishindwa. Huko wakachanganywa na lama, maana nani angechagua? Ndiyo maana leo wengi wao wana damu ya lama ndani, na sufu imekuwa ngumu. Kazi yetu ni kurudisha ukoo kwenye mstari.

Kwa hiyo jibu langu ni rahisi, Baba. Ndama ni wa damu yake. Aliyemlea ashukuriwe mbele ya watu na apewe haki yake yote, lakini ndama ahesabiwe kwa baba yake. Ukimhesabu kwingine, kesho watazaliana ndugu kwa ndugu na hakuna atakayejua. Hapa kituoni tungefanya hivyo bila hata kukaa kikao. Mwambie mwenye boma asiwe mchoyo.

Ukishaamua niandikie ilivyokwenda, wenzangu wanasubiri.

Mwanao,
Winnie Machibya


Kigongo
23 Novemba 2025

Winnie,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, mvua zimeanza, na mama yako ameshapanda mahindi ya nyuma ya nyumba. Mimi nina kikohozi kidogo cha vumbi, kitaondoka. Josephat amepata mtoto wa kike, utakuwa umesikia.

Nimefanya ulivyosema.

Nilikaa na barua yako siku nyingi kabla sijaita wazee. Sikumsomea mama yako, nilimwambia tu umekubali. Ng'ombe waliletwa kwa lori kupitia darajani, wakashushwa pale penye mti wa mkwaju, watu wakatoka kuwatazama. Ni ng'ombe wazuri, hakuna kilema hata mmoja, siwezi kusema alituletea takataka. Tulichinja mmoja kama mila inavyotaka. Wazee wa kwao walikula, wa kwetu wakala, na mimi nilikula, kwa sababu mwenye boma asipokula nyama ile jambo halijakaa. Mzee Chenge wa Busisi akasema, mtoto amerudi. Wa kwetu wakaitikia.

Basi ujue baba yako anaitwa Shigela. Wakati ule alikuwa kijana wa kubeba pamba kwenye kivuko, na marehemu mama yako alimpenda, hilo sikulikana moyoni hata siku moja. Baba yetu alipotaka ng'ombe, Shigela alikimbilia machimbo ya Geita, na huko maisha yakampiga. Hakupata mtoto mwingine. Sasa koo lake limeharibika, chakula hakipiti, madaktari wa Mwanza wamemrudisha nyumbani. Alitaka asife kama mtu aliyepita tu duniani.

Najua ulinielewa tangu mwanzo, wewe si mtoto. Uliponiandikia kwamba wenzako wamekuuliza baba mwenyewe yuko wapi, niliona moyo wako uko upande gani. Hata ulipokuwa darasa la nne ulirudi kutoka shuleni ukaniuliza, baba, mimi ni wa nani? Nikakutuma maji. Sikukujibu siku ile wala baadaye. Safari hii nimekujibu.

Mama yako hakutoka ndani siku ya ng'ombe. Alisema mguu unauma. Nimemkataza Josephat kulitaja jambo hili kwenye simu, si la kupigiwa kelele dukani kwa watu.

Sikuwa mchoyo.

Mjomba wako,
Machibya


Puno
18 Januari 2026

Baba, Baba, Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinifunza hivyo. Barua yako nimeipokea jana tuliposhuka mjini. Niliifungua nikiwa nimesimama posta, nikakaa chini pale pale. Wenzangu walidhani nimefiwa. Nilimpigia Josephat, bahati nikamkuta yuko hapo nyumbani, nikamwambia akupigie kelele sikioni kwamba hapana. Ameniambia ulitikisa kichwa tu, ukasema barua ijibiwe kwa barua.

Mimi nilikuwa naandika habari za alpaka. Alpaka tu! Ulisema kuna kesi ya ndama, nami nikaona kesi ya ndama. Kila mwaka watu wanakuletea kesi za ndama, ningejuaje? Nimekaa bweni tangu nina miaka kumi na mitatu, kisha Morogoro, kisha huku. Sikuwahi kukaa nyuma ya nyumba wazee wakizungumza. Nimekumbuka jana usiku, nikiwa nimelala macho wazi, jinsi walivyokuja kumposa binti wa jirani wakasema wanatafuta mtamba aliyepotea. Nilikuwa mdogo, nikatoka nje kumtafuta mtamba kweli. Ulicheka siku ile. Ungejua basi kwamba mimi ndivyo nilivyo.

Sikuwa na swali, Baba. La darasa la nne lilikuwa la darasa la nne. Wenzangu waliponiuliza nikasema baba mwenyewe ni huyo huyo, hiyo ndiyo ilikuwa habari yangu, na nilikuandikia ili ufurahi. Wewe ukasoma kingine. Na mimi, nikiwa na cheti changu ukutani, nikakuandikia kwamba usiwe mchoyo. Nimelisoma neno hilo kichwani tangu jana na sijui nifanye nini nalo.

Lingekuwa bado halijaamuliwa ningekuandikia hivi. Hawa alpaka damu imetuambia walikotoka. Haikutuambia nani aliwaokoa. Kuna watu waliowapandisha mlimani wakati wa kifo kile, wakalala nao kwenye baridi, wakawafuga wakiwa chotara na wakiwa wachache, bila kuuliza baba yao ni vikunya au guanako. Wangesubiri damu isomwe, leo nisingekuwa na mnyama wa kusoma. Hilo nilikuwa nalijua tangu zamani. Nililiruka kwa sababu nilikuwa naharakisha kukuonyesha kwamba nimesoma.

Rudisha ng'ombe. Nakuomba. Nitazungumza na huyo Mzee Shigela, nitampigia, nitamwambia namsamehe na nitamwombea. Lakini rudisha ng'ombe. Josephat anasema mimi ni mtu mzima na naweza kukataa.

Mwanao, mwanao,
Winnie Machibya


Kigongo
8 Machi 2026

Winnie,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, mahindi yamezaa vizuri. Mtoto wa Josephat amepewa jina Paskazia, wewe umepata mama mdogo sana.

Barua yako imefika wiki hii. Shigela alikufa tarehe ishirini Desemba, kabla hujaijua habari yake. Niliwakataza kukuambia kwa simu, tena kwa sababu ile ile, na sasa naona niliwakataza vibaya. Alikufa mchana, watu wakiwa wamemzunguka.

Nilivuka kwenda kuzika. Kule kwao mtoto ndiye anayetangulia kutupa udongo. Wakanitazama. Nilikuwa nimechukua ile picha yako ya mahafali ya Morogoro, ile ya ukutani, nikaishika kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikatupa udongo kwa niaba yako. Mzee Chenge akatangaza jina lako, binti Shigela. Kisha wakaniomba picha ibaki kwao. Niliwaachia. Pale ukutani pamebaki alama nyeupe na mama yako amepatundika kalenda.

Ng'ombe hawarudi, mwanangu. Wa mtu aliye hai wanarudi, watu wanakaa, wanagombana, ng'ombe wanarudi. Wa maiti hawarudi, maana hakuna wa kuwapokea. Na nyama ililiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Unaweza kukataa, Josephat hasemi uongo, serikali haitakukamata. Lakini ukikataa, yule mtu amelala bila mtoto, na mimi ni mzee niliyemdanganya mtu anayekufa. Sikuamuru. Nakueleza tu ilivyo.

Unasema ningejua kwamba ndivyo ulivyo. Kweli ningejua. Nimekulea, najua ukitumwa chumvi unarudi na habari za duka zima na chumvi umesahau. Sasa nikuambie kile ambacho sikukiandika. Siku ile wageni walipoondoka nilikuwa nimeshamjibu Shigela moyoni. Nilikuwa nimesema hapana. Lakini mama yako akasema si haki, mtoto aulizwe. Nikaona aibu kukuuliza kwa jina lako, mkono ulikataa kuandika, nikasema nitauliza kwa ndama. Nilikuuliza ili unisaidie kukataa. Nilitegemea utaniandikia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ndama ni wa boma lililomlea, basi nimpelekee Shigela maneno hayo na yasiwe yangu. Nilisoma barua yako yote nikitafuta neno hilo. Nilifika mwisho, nikarudia mwanzo. Halafu nikasema, kumbe anataka kwenda, nami ni nani nimzuie?

Nilikutoa, lakini si kwa sababu nilitaka kukutoa. Uelewe hilo hata ukisahau mengine.

Yule ng'ombe mweupe wa Busisi amezaa. Sijaenda kumtazama ndama.

Machibya


Puno
26 Aprili 2026

Shikamoo.

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara nyingi nikauchana, kwa sababu sijui nianze na neno gani. Baba? Mjomba? Niambie.

Mimi mzima wa mwili. Msimu wa kuzaliana umeisha. Alpaka huzaa asubuhi jua likishatoka, ili mtoto akauke kabla ya baridi ya usiku. Nimepokea watoto wengi mwaka huu na kila mmoja nimemtoa damu kama kazi inavyotaka, nikaandika baba na mama. Kazi naifanya, ila zamani nilikuwa naifanya huku nikiimba.

Sitakataa. Nimefikiri sana. Nilikuwa na hasira na huyo marehemu, na mtu ambaye sikuwahi kuona hata uso wake hasira haikai juu yake vizuri, inateleza inarudi kwangu. Alikaa akitazama picha zangu ukutani, akanywa nusu chai. Ulinieleza tangu barua ya kwanza na sikuona. Iwapo kuniita mtoto wake kulimpunguzia maumivu, basi na kuwe kumempunguzia. Lakini nimekulilia wewe zaidi. Picha ile mmeitoa ukutani!

Masomo yanaishia Julai na tiketi nimeshapata. Nitashuka Mwanza. Niambie nini cha kufanya kimila, nisikosee tena. Nikifika naenda wapi kwanza? Nitalala wapi? Naweza kuingia jikoni kwa mama bila kuuliza mtu? Niandikie waziwazi, nakuomba, usiniandikie kwa ng'ombe.

Winnie


Kigongo
7 Juni 2026

Winnie,

Marahaba. Tuko wazima, choroko tumevuna, kikohozi changu kimeondoka. Mama yako ameanza kufagia uani kila asubuhi kama vile unakuja kesho.

Umesema niandike waziwazi, nami nitajitahidi, ingawa sikuzoea.

Josephat atakupokea mjini. Lala kwake siku moja, upumzike, umwone mtoto. Kesho yake panda gari la Sengerema. Ukitoka Mwanza unaijua njia, Kigongo inatangulia, Busisi inafuata. Utapita nyumbani kwanza. Usishuke. Mtoto aliyekombolewa kwa ng'ombe akianzia kule alikotoka, watu wanasema amewakimbia, na kaburi la yule mtu litakuwa limetukanwa. Nenda moja kwa moja mpaka Busisi. Mzee Chenge atakungoja upande wa pili wa daraja, atakupeleka kaburini, utatupa udongo kwa mkono wako mwenyewe. Utalala kwao. Watakupikia, ule, usichague.

Baada ya hapo watakuleta kwetu. Utakuja na wazee wao, utabisha hodi, nami nitawakaribisha kwenye viti kama wageni wanavyokaribishwa. Jikoni usiingie mpaka mama yako akuite. Nimemwambia hivyo, akanijibu kwamba hajawahi kuona nyumba ambayo mtoto anapita mlangoni na njaa yake akaenda kula kwa watu. Nikamwambia ndiyo mila. Amekasirika, tangu jana chai najipikia mwenyewe.

Umeniuliza uniite nani. Wazee wanalo jibu, ni mjomba, na mbele yao utaniita hivyo nami nitaitika. Mimi mwenyewe jibu sina. Nimekaa na swali lako kibarazani tangu barua yako ilipofika na sijalipata.

Mwambie Josephat anitumie ujumbe wa saa mtakayoondoka mjini, jirani atanisomea. Mimi na mama yako tutasimama pale barabara inapoanza kupandia darajani. Kaa dirishani. Usimwambie dereva asimame. Ukiona nimegeuza uso, usidhani sikukuona.

Machibya